Upepo Hatukuupima

Kwetu Fizi mgonjwa haendi hospitali peke yake. Akipanda gari, nyumba nzima inapanda: wa kupika, wa kuomba, wa kugombana na wauguzi, na mimi Mama Divine, jirani. Kwa hiyo asubuhi ile mkunga aliposema mtoto wa Dorothée amelala vibaya tumboni, lazima apasuliwe, na kupasuliwa ni hospitali ya Baraka, chini kule ziwani, hakuna aliyeuliza nani atamsindikiza. Swali lilikuwa esanse, mafuta ya gari.

Esanse hapakuwa. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, na waliobaki na chupa walikuwa wamezipeleka Misisi kwa watu wa dhahabu. Casimir, shemeji ya Dorothée, mwenye Toyota nyeupe, alikuwa na kidogo kwenye kitako cha kidumu. Pikipiki? Dorothée hakuweza hata kukaa.

"Njia ni ya kushuka," Casimir akasema. "Kwenye muteremuko ninazima moteri, gari inajiendea. Esanse ni ya vilima vya katikati. Lakini kwanza nijue inajiachilia namna gani. Kama kuna kitu kinaikamata, tutabakia porini."

Nani angechoma esanse kwa kupima? Tuliisukuma wenyewe, pale tambarare mbele ya soko, mpaka tukawa tunakimbia. Casimir akatoa gia, tukaachia, gari likatambaa likafa. Akaweka jiwe hapo. Tukalisukuma tena kwa kurudi, maana ardhi inaweza kuinama na jicho lisione. Lilikufa upesi pande zote mbili.

Akainua gurudumu moja moja, akalizungusha kwa mkono. La nyuma lilikuwa zito. Breki ilikuwa inalishika. Akailegeza, akapiga pompi mipira yote. Tulipolisukuma tena, lilipita jiwe likaenda mbali kabisa.

"Sasa inateleza kama sabuni," nikasema.

Dorothée alikuwa amelala kiti cha nyuma, kitambaa mdomoni. Akakitoa. "Mukimaliza kucheza na gari, muniambie."

Basi tukapakia. Juu ya paa: godoro, gunia la makaa, masufuria. Ndani: sisi wote, goti juu ya goti, Tantine Cassilde, shangazi yake mgonjwa, akimshika kichwa.

Mteremko wa kwanza Casimir akazima moteri. Gari likakimbia vizuri, halafu juu yetu kamba zikaanza kulia na godoro likainua pua. Kilima ambacho Casimir alitegemea tukipande kwa mbio zile zile, tulifia chini yake. Akawasha. Mteremko wa pili, hivyo hivyo. Akasimamisha, akashuka, akatia kijiti kwenye tanki. Alipokitoa, akaweka mikono kichwani.

"Mipira iko bien. Breki iko bien," akasema. "Ni upepo. Tuliisukuma kwa mwendo wa miguu, na mwendo wa miguu upepo hausemi kitu. Ukikimbia ndiyo unakushika. Tumebeba ukuta juu ya paa."

"Tushushe matela," akasema Gentille, mdogo wake Dorothée, akionyesha godoro.

"Matela na bantu. Kila kilima ninachopandisha na moteri, ninawapandisha nanyi."

Tantine Cassilde hakusogea. "Mutoto wangu aende sawa na yatima? Nani atamushika mukono?"

"Tantine, utamushika mukono hapa hapa porini, mpaka atakapokufa."

Sauti ikatoka kiti cha nyuma, ndogo sana: "Mushuke. Naomba, mushuke."

Tukashuka. Kwa mgonjwa alibaki Wilfried, mume wake, peke yake. Gari likaachiliwa, likapotea kwenye kona bila mlio, na sisi tukasimama tukisikiliza kama moteri itawaka mapema. Haikuwaka.

Tukaanza kutembea, mizigo kichwani. Kila kona tuliogopa kuiona ile nyeupe imesimama. Kila kona njia ilikuwa tupu, na Gentille alikuwa anasema, "Asante Yezu," huku anaiogopa kona inayofuata.

Kwenye kilima chenye rezo, pale simu zinapokamata, yangu ikaita. Wilfried.

"Tumefika. Mutoto amelia."

Bamama wakaanza vigelegele. Nikawapungia mkono wanyamaze, maana alikuwa bado anasema.

"Dorothée damu inamutoka. Banaomba bantu ba kutoa damu. Yangu bamepima, haiendi na yake. Muko wapi?"

Tuko wapi. Damu yote ya nyumba ile ilikuwa barabarani, masufuria kichwani.

Pikipiki ikatokea nyuma yetu, imebeba papa mmoja, mzee mnene wa biashara. Tantine Cassilde akasimama katikati ya njia.

"Unikanyage ama umushushe huyo."

Yule papa alishuka bila kuulizwa kitu. Gentille akapanda, Tantine nyuma yake, kitenge kikipepea karibu kiingie kwenye mnyororo. Hawakuaga.

Sisi wengine tukatupa mizigo kwenye majani, godoro nalo, tukakimbia. Mimi na mwili huu, na kandambili za plastiki. Mbele ziwa lilikuwa wazi lote, mabati ya Baraka yanang'aa chini, mbali bado. Simu ikaanza kuita tena mkononi. Nikaona jina la Wilfried. Sikuipokea, asije akaniambia nisikimbie tena. Nikakimbia.