Kompresa ya Kijapani ya Shih Wan-te

Mtu akiingia gereji ya Shih Wan-te pale mjini Hsihu, hata kama amekuja kuuliza choo kiko wapi, alikuwa haondoki kabla ya kuonyeshwa kompresa, mashine ya kushindilia upepo. Ilikaa pembeni, mgongo wake umegusa ukuta wa jiko, tangi la kijani juu ya miguu minne, pistoni mbili kichwani, na gurudumu la mkanda kubwa kama sinia la harusi.

"Ya Kijapani hii," Wan-te angesema, akilipiga tangi kofi la mapenzi. "Aliinunua marehemu baba. Haijalala hata siku moja. Sikiliza inavyopumua! Siku hizi hawatengenezi mashine, wanatengeneza makopo."

Hapo alikuwa anapaza sauti, ili maneno yavuke barabara na kumfikia Yao Kun-shan, jirani yake anayetengeneza pampu za wakulima wa zabibu. Baba yake Kun-shan alikuwa na kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma hapo hapo mtaani, kikafa kabla yake, na Wan-te hakuchoka kumchokoza kwa hilo. "Si kama vyuma vya kienyeji vya watu fulani, jirani!" Kun-shan, mzee wa miaka sitini na kitu kama mwenzake, alikuwa hanyanyuki kwenye kigoda chake. "Chema chajiuza, Wan-te," angejibu, kisha angejimiminia chai. Miaka thelathini walikwenda hivyo, na kama yupo aliyewahi kumwona Kun-shan amekasirika, mimi simjui.

Basi Jumatano moja, siku tisa kabla ya Mwaka Mpya, wakati kila mwenye gari anataka likaguliwe kabla ya safari ya kwenda kwa wazazi, kompresa ilikohoa mara tatu, ikatoa mlio wa bati kukatika, ikanyamaza. Wan-te alifungua kichwa chake akakuta kibati cha valvu, kile chembamba kinachoruhusu upepo uingie usirudi, kimevunjika vipande viwili. Mkewe, Pi-hsia, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Imekufa?"

"Imechoka tu. Nikibadilisha kibati, kesho inapumua."

"Tangi hilo lina miaka mingapi?"

"Tangi? Tangi ni la Kijapani."

"Sikukuuliza kabila lake. Nimeuliza miaka. Na linabeba upepo kiasi gani, mwisho wake wapi?"

Wan-te alimwonyesha saa ya upepo, ambayo juu ya kioo chake baba yake alichora mstari mwekundu. Mshale ukifika pale unazima.

"Baba yako alichora mstari kwenye chupa yake ya pombe pia," alisema Pi-hsia, "na kila siku alikuwa anauvuka. Sikia, mzee. Wiki iliyopita huko Yuanlin tangi limepasuka, wakalikuta kwenye bwawa la samaki la mtu. Mimi sitapika keki za figili za sikukuu huku nimeligeuzia mgongo bomu lisilojulikana jina. Jumamosi A-tu wa vyuma chakavu anapita. Ukipata maandishi yanayosema hii ni mashine gani na inabeba kiasi gani, itabaki. Usipopata, inapanda gari lake."

"Pi-hsia, hii ni ya baba!"

"Na jiko ni la nani?"

Wan-te alimjua mke wake; akishaamua hageuki. Baba yake alimwachia vitu vitatu duniani: jina, goti bovu na kompresa, na vile viwili vya kwanza hakuna aliyewahi kuvionea wivu.

Msomaji atauliza, na kibao cha kiwanda je? Kila mashine ina kibao chake cha shaba chenye maelezo yote. Wan-te alikitafuta. Alilala chini akapapasa tumbo la tangi kwa tochi, akakwangua rangi miguuni, akasugua ubavu wa kulia na wa kushoto. Pahali pamoja tu hakugusa: usoni mwa tangi, kwenye karatasi nyekundu. Kila Mwaka Mpya watu hubandika kwenye pipa la mchele karatasi nyekundu iliyoandikwa neno "Limejaa", ili mwaka mzima pipa lisikauke, na akina Shih hubandika moja kwenye pipa na nyingine kwenye tangi la upepo. Lakini watu wengine hubandua ya zamani kwanza. Marehemu Mzee Shih alikuwa ameusia kinyume chake: ya tangi haibanduliwi, mpya huwekwa juu ya ya zamani, maana anayebandua hubandua na baraka. Kwa miaka hamsini karatasi zilikuwa zimepandana mpaka zimekuwa nene kama tofali la sabuni.

"Kitakuwa chini ya hapo," alisema Pi-hsia.

"Usiguse!" alisema Wan-te, na alisema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua.

Alhamisi alipiga simu Taichung, kwenye duka kubwa la spea, akapokelewa na msichana mwenye sauti ya haraka.

"Kompresa ya kampuni gani, mjomba?"

"Ya Kijapani."

"Wajapani ni zaidi ya milioni mia, mjomba. Yupi?"

"Wewe tafuta ile nzuri."

Msichana, Mungu ambariki, hakukata simu. Akamwambia apime kipenyo cha silinda, urefu wa safari ya pistoni, upana wa gurudumu, na nafasi kati ya bolti na bolti. Wan-te alipima yote, akarudia, akamsomea. Zikasikika kurasa zikifunuliwa.

"Mjomba, kipenyo hiki hakipo kwenye kitabu chochote cha Japani. Hakipo hata kwenye cha Ujerumani. Hii ni kama mtu alichonga silinda, akaipenda ilivyo, akaiacha hivyo hivyo."

"Basi ilikuwa oda maalumu," alisema Wan-te, na kifua kikamvimba kidogo licha ya shida.

Akatuma picha ya kompresa kwenye kundi la mafundi wa wilaya kwenye simu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na majibu arobaini. Mmoja alisema ilitoka kwenye meli ya kivita, mwingine kwamba iliachwa na jeshi la Wamarekani, na wa tatu akaapa kuwa bibi yake alikuwa na moja kama hiyo na alipikia mchele. Jioni Kun-shan alivuka barabara, mikono nyuma.

"Umelipata kabila lake?"

"Nalitafuta."

"Mm." Kun-shan aliitazama kompresa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na kweli ataichukua A-tu?"

"Furahi tu, jirani. Jumamosi utalala raha."

Kun-shan akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa Wan-te alipeleka suala kwa aliye juu ya wote. Hekaluni aliwasha udi, akapiga magoti yake, lile zima na lile bovu, akachukua vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la hilali ambavyo watu huvirusha kumwuliza mungu maswali. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Vyote vikianguka kifudifudi, amekataa. Vyote vikilala chali, mungu anacheka.

"Bwana Mkubwa," alinong'ona, "mimi Shih Wan-te wa gereji ya njia panda nauliza: ile kompresa inatoka Osaka?"

Vyote chali.

"Nagoya?"

Chali tena, na kimoja kiliendelea kuyumbayumba sakafuni kama mtu anayeshika mbavu.

"Basi Tokyo?"

Chali. Mtunza hekalu aliacha kufagia akasogea.

"Mzee Shih, umemwambia nini? Mwezi mzima hajacheka namna hii."

Wan-te alirudi nyumbani hakula.

Jumamosi saa nne asubuhi kipaza sauti cha A-tu kilianza kusikika kutoka sokoni, chenye sauti iliyorekodiwa na mama yake miaka iliyopita: friji mbovu, televisheni mbovu, mashine mbovu, leteni, leteni. Gari likasimama mlangoni. A-tu, mtu mnene mwenye glavu za ngozi, aliizunguka kompresa akiigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole.

"Chuma kizuri, bosi. Lakini shaba yake iko wapi? Mashine za zamani zote zina kibao cha shaba, na shaba mimi naipima peke yake." Macho yake yakatua kwenye karatasi. "Aa, hiki hapa kimevaa koti." Akachomoa bisibisi.

"Ukiitia bisibisi hapo," alisema Wan-te, akijiweka katikati na mikono ameitandaza, "itabidi uanze kunichoma mimi."

"Bosi, si unaiuza?"

"Siiuzi!"

"Mama mwenye nyumba kasema unaiuza."

Wote wawili wakamtazama Pi-hsia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika la maji ya moto, na alipoona uso wa mumewe hasira zote zilimtoka, akamwonea huruma ya kweli.

"Sogea, mzee," alisema taratibu. "Baraka za kweli hazifi kwa maji. Na kama zitakufa, nilaumiwe mimi." Akamimina.

Karatasi zilinyonya maji, zikavimba, zikaanza kuteleza moja moja mpaka chini. Nyekundu ya mwaka jana, nyekundu ya harusi ya binti yao, nyekundu zilizogeuka waridi, kisha nyeupe kama ngozi ya vitunguu. Wan-te aliziokota kila zilipoanguka, akazipanga kwenye kiti. Ya mwisho kabisa haikubandikwa kwa uji wa mchele kama nyingine. Ilikuwa na gundi ya mafundi, na Pi-hsia alimaliza birika zima. Kisha shaba ikang'aa, na A-tu, aliyekuwa karibu zaidi, ndiye aliyesoma kwa sauti.

"Kiwanda cha Chuma cha Yao, Hsihu. Namba saba. Tangi lita mia na ishirini. Mwisho wa upepo, kilo nane. Mizunguko mia sita kwa dakika. Mwaka wa Jamhuri wa hamsini na nane." Akahesabu kwa vidole, ni miaka hamsini na kitu, akanyanyua kichwa. "Yao? Yao huyu wa pampu?"

Wan-te alihesabu, bila kutaka, ni mara ngapi amesema "vyuma vya kienyeji" akiwa amesimama hatua tano kutoka kwenye kibao hiki. Alipofika elfu kadhaa aliacha.

"Haya, maelezo yamepatikana," alisema Pi-hsia. "Ahadi ni ahadi, inabaki. Ila bila kibati ni kabati tu. Kibati kinauzwa wapi?"

Wote waliangalia ng'ambo ya barabara, na A-tu akazima kipaza sauti ili asikose neno.

Ni hatua kumi na nne kutoka gereji hadi dukani kwa Kun-shan. Wan-te alizitembea kama anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Kun-shan alikuwa kwenye kigoda chake, na mbele yake, mezani, kulikuwa na kisanduku cha bati kilichofutwa vumbi. Ndani, kwenye karatasi yenye mafuta, vibati sita vya valvu vilikuwa vimelala.

"Vimekaa hapa mezani tangu Jumatano," alisema Kun-shan. "Alivichonga baba. Alitengeneza kompresa tisa, akaweka spea za tisa zote."

"Ulijua."

"Mimi ndiye niliyeshika taa wakati anapigilia kile kibao. Baba yako alikuja kumwomba. Alisema, wateja wakiona imetengenezwa mtaani hawataleta magari, wanataka ya Kijapani. Baba akamwambia funika tu, cha muhimu ifanye kazi. Karatasi ya kwanza aliibandika baba yangu mwenyewe, kwa gundi yake."

Wan-te alitafuta pa kuweka mikono. "Miaka thelathini nakutukania baba, Kun-shan. Hapa hapa, kwa sauti. Kwa nini hukunifunga mdomo?"

"Wewe ulinitukania baba?" Kun-shan alicheka, kisha hakucheka. "Baba yangu alifunga kiwanda kwa sababu hakuna aliyetaka kitu chake. Alikufa anaamini hakuwa fundi. Halafu mimi nakaa hapa, kila asubuhi nasikia mtu mzima anawaambia watu, sikiliza inavyopumua, hawatengenezi tena vitu kama hivi. Kila asubuhi! Ningekwambia, ungenyamaza. Ningeisikia wapi tena?"

Wan-te alichukua kisanduku kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi kwa mkubwa, akainamisha kichwa.

Walifunga kibati pamoja. Kun-shan alileta pampu yake ya mkono, wakalijaza tangi maji ili kulipima nguvu, wakalisukuma mpaka kilo kumi na mbili, kwa kuwa Pi-hsia alisema shaba imesema yake lakini jiko ni lake. Halikutoa jasho hata tone. Walipomwaga maji na kuwasha mota, mkanda ukavuta, pistoni zikaanza, na mshale wa saa ukapanda bila haraka mpaka kwenye mstari mwekundu. Mstari ulikuwa kwenye kilo nane kamili.

A-tu, aliyekuwa bado hajaondoka ingawa hakuwa na cha kubeba, alitikisa kichwa. "Aisee. Inapumua vizuri."

Wan-te alilipiga tangi kofi, na kwa mazoea mdomo ukaanza safari yake. "Hii ni ya..." Akasimama. Kun-shan alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, amempa mgongo, ametulia tuli kama kila siku. "Hii ni ya Mzee Yao wa ng'ambo hapo," alisema Wan-te, na akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza. "Aliichonga kwa mikono yake. Wajapani wenyewe hawana kipenyo hiki, nimeulizia mpaka Taichung. Nenda kote, A-tu, uliza kote. Hutapata fundi kama yule."

Kun-shan hakugeuka. Alisema anakwenda kuangalia gurudumu la gari la A-tu, eti limepungua upepo, akatoka nje na kile kitambaa usoni, na wote walimwacha aliangalie kwa muda aliotaka.