Tangi la Mkiani

Gilasi ya chai iliruka kutoka kwenye dashibodi ikamwagikia mapajani mwa dereva, na kabla hajamaliza kulaani, tela likampiga tena mgongoni. Likamsukuma, likamvuta, likamsukuma tena, kama mlevi aliyesimama nyuma yako kwenye foleni. Nyuma huko kitu kilianguka kikavunjika, na sauti yake ilikuwa ya kioo.

"Lenzi," alisema mkewe, bila kugeuza shingo. Siku hizi hakuweza kuigeuza.

"Nimesikia. Sina uziwi."

"Lenzi za yule mwalimu. Za tatu hizo kumvunjikia."

Dereva alikaza usukani. Miezi minne tangu wanunue tela hili, kubwa, zuri, lenye karakana nzima ya miwani ndani yake, hajawahi kuendesha hata maili kumi kwa raha. Kazi yao ilikuwa hiyo kwa miaka kumi na tisa: yeye avute, mkewe apime macho ya watu, akate lenzi na kuzitia kwenye fremu, mji hadi mji. Tela la zamani lilikuwa dogo na bovu, lakini lilikuwa na adabu. Hili jipya halikufungwa kwa ndoano nyuma ya gari. Lilikalia mgongo wa gari lenyewe, pini yake nene imezama katika sahani kubwa ya chuma. Aliyewauzia aliapa kwamba watateleza kama wako juu ya godoro. Godoro gani, la mawe?

Na si kwamba alikaa kitako akingoja miujiza. Alibadilisha shokapu zote. Alibadilisha springi. Alipunguza upepo wa matairi, akauongeza, akaupunguza tena. Alimwekea mkewe kiti chenye mto wa hewa, kikamrusha juu mpaka kichwa kikagonga paa, mama wa watu akakaa siku mbili hasemi naye. Kila fundi aliyemwona alikuwa na nadharia yake, na kila nadharia ilimrudisha palepale. Akili nyingi huondoa maarifa, ndivyo wasemavyo, na yeye alikuwa ameazima akili za nusu ya mafundi wa barabara ile.

Wa mwisho alikuwa Fundi Subiri, bibi mmoja mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuanza sentensi bila neno hilo. "Subiri," alimwambia wiki mbili zilizopita, akilizunguka tela mikono nyuma. "Gari lako ni zima. Ugonjwa ni mzigo. Mkia mzito, mbele kwepesi, pini haipati kitu cha kuituliza, inaruka na kugonga kwenye sahani. Vitu vizito vije mbele. Na hili tangi la maji huku nyuma ya magurudumu, lita mia saba! Usisafiri limejaa hata siku moja." Dereva alifungua koki palepale, akamwaga maji yote. Akasogeza mbele jenereta, makabati na mashine ya kukatia lenzi. Bibi alilijaribu tela kuzunguka uwanja, likaenda laini kama linapapaswa. Dereva alilala usingizi mnono usiku ule. Asubuhi waliondoka, na hawajafika hata kona ya kwanza, du! Mgongoni.

Hapo ndipo alipokata tamaa kabisa. Alimwita Fundi Subiri tapeli, ingawa bibi hakuwapo kusikia.

Jioni hiyo ya gilasi ya chai waliegesha kwenye uwanja wa maghala, penye bomba la maji na choo safi. Mkewe alishuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja, halafu pumzi, halafu mguu wa pili. Dereva alimtazama, moyo ukamwuma, na maumivu yale yakamtoka mdomoni kwa sura ya hasira, kama kawaida yake.

"Sasa unataka nifanye nini? Nilibebe tela kichwani?"

"Sitaki ufanye kitu," alisema mkewe. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulimtisha kuliko makelele. "Kesho tukifika, kama barabara imenirusha kama leo, nashukia hapo. Nitapanda basi niende kwa dada. Ana chumba kinachotazama barabara, nitafungua duka langu dogo. Wewe vuta tela lako."

"Nivute tela bila fundi wa miwani? Nikamwuzie nani hewa?"

"Hilo ni lako, bwana. Mgongo ni wangu."

Dereva hakulala vizuri. Kulipoanza kupambazuka alisikia maji yakibubujika mahali fulani. Kwa kawaida saa hiyo yeye hukoroma mpaka aletewe chai. Leo wasiwasi ulimwinua. Alishuka peku, akazunguka nyuma.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mkia wa tela, khanga mabegani, mkono mmoja umeshika kiuno. Mkono wa pili ulishika mpira wa maji uliotoka bombani hadi kwenye mdomo wa tangi. Begi lake lilikuwa tayari juu ya ngazi ya karakana.

"Unafanya nini?"

"Huoni? Najaza tangi."

"Leo?"

"Kila asubuhi ya safari. Limekaribia, nusu saa tu imebaki."

Wiki mbili! Wiki mbili alikuwa akivuta tangi alilodhani ni tupu. Damu ilimpanda kichwani, akainua kidole kabisa. "Nani alikwambia ujaze? Ni nani huyo aliyekwambia?"

Mkewe aliukaza mpira kwenye mdomo wa tangi.

"Wewe," alisema.

Ulimi hauna mfupa, lakini alichovunja nao dereva alikikumbuka mara moja. Miaka tisa nyuma, enzi za tela la zamani, mji mdogo, foleni ya watu arobaini, na maji ya kupoza mashine ya lenzi yakaisha katikati ya kazi. Ni yeye dereva aliyepita bomba bila kusimama kwa sababu ya haraka zake. Nyumba za jirani zilikuwa na maji, mkewe akamwomba aende kuomba ndoo mbili. "Mimi si mtu wa kuomba maji milangoni mwa watu!" alimfokea mbele ya wote. "Mwanamke gani hajui hata kujaza tangi? Tusiondoke tena mahali tangi halijajaa!" Watu walitazama chini. Yeye alisahau kabla jua halijazama. Mkewe aliamka kila alfajiri kwa miaka tisa.

Kidole kilikuwa bado hewani. Alikishusha, hakujua akiweke wapi. Akainama akafungua koki, maji yakamwagika miguuni pake.

"Wewe una wazimu!" mkewe alipiga kelele. "Nimesimama hapa na mgongo huu, halafu unamwaga?"

"Ndilo linalotupiga. Uzito wa mkiani. Fundi Subiri aliniambia."

"Alikwambia lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Na mimi uliniambia lini?"

Dereva alitazama maji yakitafuta njia kati ya mawe. "Sikukwambia," alisema. "Nilijiambia hayo ni mambo ya dereva."

Mkewe alifunga bomba. Alikunja mpira taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kama hana haraka na mtu.

"Na tukikosa maji huko tuendako?"

"Nitaomba."

"Nani?"

"Mimi. Mlango kwa mlango."

Mkewe aliingia karakana, akatoka na ndoo ya bati, akamkabidhi mumewe. Kisha akachukua begi lake na kwenda nalo mbele.

Walingoja mpaka tangi likabaki na matone. Dereva aliiweka ndoo kwenye kiti, katikati yao, akawasha gari. Langoni mwa uwanja palikuwa na tuta kubwa, lile lililowarusha jana. Alilipanda huku mabega yamejikunja, akisubiri kipigo. Mkono wa ndoo ulilia mara moja, ukatulia.

Mkewe aliitazama ndoo, kisha begi lililokuwa kati ya miguu yake, kisha barabara.

"Polepole," alisema. "Bado mbali."