Sema Ni Wito

Mjomba wa msichana alikuwa na duka la dawa, na mtaa mzima ulimwita Dokta, jina ambalo hakulisomea hata siku moja. Utabibu wake wote aliusoma kwenye maboksi. Huyo ndiye aliyejitwika kazi ya kumfunda mpwa wake namna ya kujibu kwenye usaili wa shahada ya uuguzi.

"Wakikuuliza kwa nini uuguzi, sema ni wito. Halafu nyamaza. Utawamaliza."

Msichana aliitikia kwa heshima. Kemia iliyomwangusha mara mbili alikuwa ameifaulu. Masharti ya kujiunga alikuwa ameyatimiza, ulibaki usaili tu. Akikosa, angerudi kuuza dawa za kikohozi nyuma ya kaunta ya Dokta, akisikiliza majigambo yake mpaka azeeke.

Kumbe kila nyumba ina Dokta wake! Kwenye korido ya chuo, waombaji walijipanga kwenye benchi, wamepiga pasi mpaka soksi, wakinong'ona: wito, wito, wito. Aliyetangulia hakufunga mlango vizuri, akasikika akilitamka neno hilo kwa sauti ya kutaka kulia. Msichana alibetua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba hata yeye hana jingine. Zamu yake ikafika, akaingia.

"Kwa nini uuguzi?" aliuliza mwalimu, mama mtu mzima aliyeuguza watu miaka mingi, na uso wake ulionyesha amechoka kudanganywa.

"Ni wi..." Neno likamkwama. "Mwalimu, mimi sikuitwa. Nimejileta."

"Umejileta kufanya nini?"

"Bibi yangu alilala kitandani mwaka mzima. Nilimgeuza, nilimsafisha, naye akinitukana kila siku. Nilimkasirikia, sikufichi. Lakini mgongo wake haukupata kidonda hata kimoja. Siku hizi nikiona mgonjwa amelazwa vibaya, mikono inaniwasha."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Afadhali," alisema. "Mmoja amekuja bila kuitwa."

Habari za kuchaguliwa zilipofika, Dokta alisimama mlangoni mwa duka, kifua mbele, akiwatangazia wapita njia. "Nimemfundisha mimi! Nilimwambia, ni wito!"

Ndani, mteja alikuwa akigonga kaunta, amechoka kungoja. Msichana alichukua mkoba wake, akampita mjomba pale mlangoni.

"Mjomba, wito huo," alisema. "Nenda kaitikie."