Foleni ya Barabara ya Tannery

Des Tapsell alitoka kununua maziwa jioni moja ya Jumanne, akagongwa na gari la kusafirisha mazulia katikati ya Barabara ya Tannery, akafa. Kesho yake baada ya mazishi, mkewe Maureen alifungua pazia la sebuleni akamwona ng'ambo, mbele ya duka, na chupa yake ya maziwa. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Sisi wa Penfold Heath foleni ile tumeizoea. Kila anayegongwa pale hurudi kusimama ukingoni, maana safari yake ilikatikia hapo, na mwenye duka hufagia akiizunguka miguu yao. Wanachongojea ni taa za kuvukia. Zikiwekwa magari yatasimama, watavuka, kila mtu ataenda kwake. Maureen hakutaka makubwa. Alitaka Des aje nyumbani anywe chai, basi. Yeye mwenyewe aliiogopa barabara ile kama moto, hakuivuka tena, na wakitaka kuzungumza walipaza sauti baina ya lori na lori.

Jimbo letu lilizaliwa reli ilipofika na makarani wa London wakajijengea nyumba zenye bustani mbele. Tangu hapo limechagua chama kilekile. Mbunge wa kwanza, Sir Lionel, aliahidi kivuko akiwa juu ya farasi. Wa pili aliahidi akiwa amelewa, watu wakampenda zaidi. Wa tatu alilala bungeni muhula mzima, tukamrudisha kwa kura nyingi kuliko mwanzo ili asisumbuliwe usingizi. Halafu mipaka ikachorwa upya, tukanyang'anywa hospitali, tukapewa makaburi, na kura za chama zikapanda. Wakubwa walisema imetokea tu. Haya, imetokea.

Mbunge wa sasa, Bwana Crispin Lyle, huonana na wananchi Jumamosi pale maktaba. Maureen alimwendea kuhusu taa mpaka akajua biskuti anazozipenda. Kila mara Lyle alimshika mkono kwa huruma, akasema jambo hilo liko moyoni mwake, akachukua biskuti nyingine.

Uchaguzi ulipokaribia akajitokeza Bi Farrant, muuguzi, yuleyule aliyemfunika Des kwa koti lake siku ile barabarani. Alipita nyumba kwa nyumba akisema kazi ya kwanza ni taa za Tannery, mengine baadaye. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, jambo ambalo kwetu halijawahi kuonekana. Hata jirani, mzee Pugh, aling'oa bango la Lyle bustanini, akapanda vitunguu mahali pake. Maureen aligawa vipeperushi vya Farrant kwenye mvua hadi viatu vikaachama, na usiku akalala kwa furaha kama msichana.

Maureen alipiga kura yake kwa posta. Wengine walipigia katika ukumbi wa kanisa, upande ule wa duka, kwa hiyo foleni nayo ilikwenda, mmoja mmoja, huku wa nyuma akimshikia mwenzake nafasi. Msimamizi wa kituo alipekua kanuni, akaona hakuna inayomkataza mkazi aliyekufa ila bado amesimama. Karibu wote walikuwa na kadi zao za basi za wazee, zinazokubaliwa kama kitambulisho. Alilinganisha picha na nyuso, akasema kwa kweli walio hai ndio waliokuwa wakimpa tabu.

Lyle alishinda. Ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba, hata foleni ya Tannery ilikuwa na watu wengi kuliko kura alizomzidi Farrant. Farrant alimpa mkono, akarudi zamu hospitalini. Maureen hakulala. Asubuhi alivaa koti, akaivuka barabara kwa mara ya kwanza tangu Des afe, honi zikimlilia kulia na kushoto, akasimama mbele ya mumewe.

"Des, ulimpa nani?"

Des aliangalia viatu vyake. "Lyle."

"Lyle!"

"Si ndiye wetu, mpenzi? Kwetu tumewapa wao siku zote."

"Na Farrant je? Farrant alitaka kukuvusha, Des. Kukuleta kwangu."

"Mtu mzuri sana yule, simsemi vibaya." Des akateremsha sauti, maana hapendi kuonekana analumbana mbele za watu. "Lakini fikiria, Maureen. Ukiweka taa, magari yatasimama. Msongamano utafika mpaka stesheni."

"Na bei za nyumba," akasema Bi Ivy Croft aliye mbele kabisa, ambaye anangoja tangu enzi za farasi.

Maureen alitaka kumpiga mumewe kofi. Badala yake alimwekea kola vizuri, akamwambia amemkosa mno, hasa jioni. Des akasema na yeye pia, na machozi yakamlengalenga.

Kisha Maureen akageuka arudi nyumbani. Alisimama ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Magari hayakukatika. Bi Ivy akakohoa, akamgusa bega kwa adabu.

"Samahani, mpenzi. Foleni inaanzia kule nyuma."

Maureen akaona haya usoni. Akaomba radhi, akarudi kusimama nyuma ya Des.