Jumapili Iliyokaa Uani

"Dada, huko kazini kwenu leo bado Jumapili?" jirani aliwahi kumuuliza mama mfagiaji huku akianika nguo, kama mtu anayeuliza kama huko mvua imenyesha.

"Bado," mama mfagiaji akajibu, akaenda zake kazini. Mtaani ilikuwa Alhamisi.

Alifagia ua ambamo manispaa iliwafungia mbwa waliokamatwa. Msako wenyewe ulianza baada ya mbwa wa mkurugenzi kumng'ata muuza maziwa. Mbwa huyo alikaa uani saa moja tu, ikapigwa simu, gari likaja kumchukua, akakalishwa kiti cha mbele. Waliobaki walikuwa mbwa arobaini na mmoja ambao hawamjui muuza maziwa hata kwa sura. Sheria ilibandikwa mlangoni: asiyechukuliwa, siku ya saba atadungwa sindano ya kummaliza. Na wa kumchukua sharti awe na nyumba yenye geti. Mama mfagiaji alikuwa na chumba chenye pazia.

Kati yao alikuwamo jike mmoja mwekundu, mguu mmoja haukanyagi, wakamwita Kiguru. Mama alipofagia, Kiguru alimfuata akichechemea, akajilaza pale palipokwisha kufagiliwa. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemfuata hivyo. Siku ya sita, Jumapili, mama akapiga magoti karibu na ndoo ya maji, akaomba siku ya saba isije. Hakuomba kwa kelele.

Haikuja. Nje Jumatatu ilifika ikapita. Ndani ya ukuta Jumapili ikakaa. Redio ya karani wa ua ikaendelea na kwaya, na mkate wake mezani haukuota ukungu. Daktari wa mifugo alifika na sanduku la sindano, akatazama simu yake, akatoka nje, akaitazama tena, akarudi.

"Karani, tuanze?"

"Tuanze nini, daktari? Kwanza leo siku ya sita. Pili, mimi Jumapili siandiki."

Daktari akavuta kiti, akasikiliza kwaya. Alifanya hivyo siku tatu.

Hiyo Alhamisi mkurugenzi akaja mwenyewe. Hakushangaa; ofisini alikwisha kuona mengi. Akaomba kalamu, akakata neno "saba" kwenye karatasi ya mlangoni, akaandika "sita" juu yake, akatia saini.

"Mzee, Jumapili hatufanyi kazi," karani akamkumbusha.

"Kusaini si kazi. Daktari, anza na huyo kilema."

Mama mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani. "Huyu ananifuata mimi," akasema. "Andikeni hivyo."

"Siku zimekwisha, mama yangu," karani akasema kwa upole. "Na wa kuandika ni mimi, na leo ndiyo hivyo tena."

Mama akafungua shuka kiunoni, akainama, akampandisha Kiguru mgongoni, akamfunga kama anavyofungwa mtoto. Masikio mawili yakachomoza begani.

"Hiyo ni mali ya manispaa!" mkurugenzi akafoka. "Ukitoka nayo, kesho usikanyage hapa!"

"Hapa hakuna kesho, mzee," karani akanong'ona.

Daktari alikuwa amekwisha kumshika anayefuata. Mama mfagiaji akapita katikati yao na mzigo wake, akatoka.