Mteja wa Mwaka Huu

Wanafunzi wangu wa uhandisi wa mifumo wananizidi hesabu, lakini waweke mbele ya mteja uone wanavyogeuka mabubu. Ndiyo maana kila mwaka navua ualimu, nakaa kiti cha mbele na kujifanya mteja. Wao wananihoji mpaka wajue ninachohitaji hasa, si ninachoomba. Kanuni ni yangu mwenyewe: mteja hajisemei, ila akiulizwa swali lenyewe, hadanganyi.

Huko nyuma nimewahi kuwa mfugaji wa kuku, nikawa msimamizi wa stoo ya dawa. Mwaka huu nilikosa wazo, au nilijitia kukosa. Nikawaambia nataka nyumba inayowasha taa, redio na birika kabla sijafungua mlango.

Wakaanza mbwembwe. Mmoja akataka kujua idadi ya swichi, mwingine akaninadia kamera ambazo sikuziomba. Nikawa nagawa maksi za chini kwa raha zangu, na moyoni nasubiri mtu aseme inawezekana.

Msichana wa kiti cha nyuma, yule hodari wa kuchelewa, akainua mkono.

"Mama, hiyo chai ni ya watu wangapi?"

"Mmoja."

"Na redio, unapenda kipindi gani?"

"Chochote. Siisikilizi."

"Sasa ya nini?"

Ningeweza kumkatiza. Lakini kanuni ni kanuni.

"Zamani nilikuwa nikifika naikuta imewashwa," nikasema. "Mume wangu alikuwa anawahi kurudi."

"Siku hizi anachelewa?"

"Alifariki."

Hakuna aliyejua kama bado naigiza. Nikajikaza kisabuni, nikatazama dirishani. Msichana akanong'ona na wenzake wa kundi, kisha akasimama, maana nimewafundisha kwamba jibu la mwisho mteja hupewa kwa kusimama.

"Mama, taa na birika tunaweza kukufungia, ni kazi ndogo. Lakini unachohitaji hatuwezi kukijenga, na hatutaki kukuuzia kitu ukidhani ndicho. Pole sana."

Hilo ndilo jibu ninalolisaka kila mwaka: mhandisi anayethubutu kumwambia mteja hapana. Nikavaa tena ualimu, nikawapa maksi zote, nikawasifu mbele ya wenzao. Wakachekelea, wakaenda zao.

Jioni nilifungua mlango, nikapapasa ukuta kutafuta swichi. Nikasimama humo gizani nikimchukia yule binti kwa kusema kweli. Kisha nikawasha birika mwenyewe.