Kengele ya Kupokezana

Shule ile ilijengwa wakati jiji lilipokuwa bado mji mdogo, na waliochora ramani yake walidhani mji hautakua. Mji ulikua. Ulipanda vilima, ukavuka mto, ukazaa watoto wengi kuliko madawati, hata ikabidi shule igawanywe zamu mbili: wengine wasome tangu asubuhi na mapema hadi adhuhuri, wengine waingie adhuhuri na kutoka jua likizama. Wakubwa wa elimu walisema ni kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huo mmoja ukazaa wajukuu.

Wa asubuhi waliitwa Majogoo, wa mchana wakaitwa Popo. Haikuwa siri kwamba waliofaulu vizuri zaidi ndio waliopewa asubuhi, na mchana wakabaki waliosalia, pamoja na joto la mabati na walimu waliokwisha kuchoka. Ili wasipigane, walimu wa enzi hizo waliweka sheria: kengele ya kupokezana ikilia, Majogoo washuke kwa ngazi ya mashariki, Popo wapande kwa ngazi ya magharibi. Wakaishi hivyo, chumba kimoja, dawati moja, bila kuonana. Kabla ya kutoka, Jogoo alipangusa dawati lake, na kiranja akaandika salamu ubaoni. Popo akaingia, akaijibu chini yake. Hayo yalikuwa ya hadharani. Ya faragha yaliandikwa kwa penseli ndani ya mfuniko wa dawati: "Wewe Popo, nani kakata meza kwa wembe?" Na jibu: "Jogoo, ziulize kucha zako."

Mwalimu mkuu wa sasa alisoma hapo hapo, akiwa Popo. Wanafunzi walimwita Chuma cha Pua, kwa kunong'ona. Naye alijua, wala hakukasirika, kwani chuma hakikasiriki. Marehemu mumewe alikuwa Jogoo wa dawati lake. Walianza kwa kutukanana kuhusu wino uliomwagika, wakamalizia kwa ndoa.

Jengo jipya lilipokamilika, ikaja amri: zamu zifutwe kuanzia muhula wa pili. Likabaki swali la namna. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alifika ofisini na jibu mkononi. Alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu, mpima ardhi mstaafu ambaye hata sebuleni alitembea kama anayehesabu hatua.

"Shemeji, jambo hili ni jepesi," alisema. "Majogoo wakae jengo jipya, Popo wabaki la zamani. Ukuta mdogo katikati, basi."

"Ukuta wa nini? Tunafuga?"

"Wazazi wana hofu. Ukichanganya mchele na pumba, unapata nini?"

"Mchele ni nani, shemeji, na pumba ni nani? Sema taratibu, maana chai unayokunywa imepikwa na pumba."

Mwenyekiti alikohoa ndani ya kikombe. "Sikukusudia wewe. Wewe ulikuwa Popo wa pekee."

"Hakuna popo wa pekee. Popo huning'inia kwa makundi."

Alisema kwa mzaha, lakini moyoni hakuwa na mzaha. Alijua kwamba ukuta ule ukisimama, jina la Popo litakuwa limepata nyumba, na jina lililopata nyumba halihami.

"Nipe siku ya kwanza," alisema. "Njoo na kamati yako adhuhuri. Mkiikuta shule, mtarudi na ukuta wenu. Mkikuta fujo, matofali nitayabeba mimi."

"Hapo umenena, shemeji. Na mgongo wako ninauonea huruma."

Siku ya kwanza ya muhula, Chuma cha Pua aliwapanga wanafunzi wote kwa alfabeti, katika majengo yote mawili, pasipo kujali nani aliamka na nani alining'inia. Aliona ni haki tupu. Kabla ya mapumziko, mwalimu wa kemia alichungulia ofisini.

"Mama, mimi nimechanganya maji na mafuta miaka mingi, lakini hayajawahi kununiana hivi."

Alikwenda kujionea. Kila darasa lilikuwa limejigawa: Majogoo upande wa madirisha, Popo upande wa mlango, na katikati uwazi wa kupitisha mkokoteni. Msichana mmoja wa mchana aliomba rula. Jogoo aliyeombwa akaisukuma kwa ncha ya kidole, kama anayemlisha paka asiyemjua. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alirudi ofisini akijua amekosea. Alfabeti hupanga majina, watu haiwapangi. Na adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Kengele ya shule ile ni kipande cha reli kinachoning'inia karibu na lango. Mlinzi alitakiwa kupiga mapigo mafupi ya chakula. Lakini saa ilikuwa ile ile, jua lilikuwa pale pale, na mkono wake ukafanya uliyoyazoea: ukapiga mapigo marefu ya kupokezana.

Miguu ikatii kabla ya vichwa. Majogoo waliinuka, wakapangusa madawati, viranja wakaandika salamu ubaoni, wakashuka kwa ngazi ya mashariki, wenzao wa jengo jipya wakijiunga nao, tayari kwenda nyumbani. Popo nao wakatoka mbio ili wapate kuingia, wakajipanga chini ya ngazi ya magharibi, mikoba begani. Kufumba na kufumbua madarasa yakawa matupu, nusu ya shule inaondoka, nusu inasubiri kufika. Na langoni, viatu vimeng'arishwa, imesimama kamati ya wazazi.

"Shemeji," mwenyekiti aliuliza, "shule iko wapi?"

"Inatembea."

Mlinzi alikuja akitweta. "Mama, mkono umenisaliti!"

"Mkono wako haujasaliti mtu. Nyamaza kwanza, niache nisikilize."

Maana alikuwa amesikia kitu. Kutoka ngazi ya mashariki sauti ya Jogoo ilivuka uwanja: "Nyie mnaingia wapi?" Na magharibi ikajibu: "Na nyie mnakwenda wapi? Kwenu mama kafunga mlango!" Kicheko kikapasuka pande zote mbili. Tangu ngazi zile zijengwe, hazijawahi kusemezana. Chuma cha Pua alikisikiliza kicheko kile kama fundi anavyoisikiliza injini iliyokataa kuwaka, na sasa imeshika. Akapanda barazani. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Kila mtu aende kwenye dawati lake la zamani! Si la leo asubuhi, la zamani. Ngazi yoyote!"

"Lakini mama," kiranja mmoja alipaza sauti, "kila dawati litakuwa na watu wawili!"

"Limekuwa na watu wawili siku zote. Panda!"

Ngazi zilinguruma. Kamati ilipofika ghorofani, kelele zilikuwa za soko la asubuhi. Kwenye kila dawati walisimama wawili, wakikaguana kutoka unyweleni hadi kidoleni.

"Ni wewe uliyeichorea ndevu ramani yangu?"

"Ni mimi. Kumbe mfupi hivi! Mwandiko wako mrefu!"

"Na mimi nilidhani nitakutana na mtu mwenye adabu."

"Ile pembetatu uliyonimalizia ulikosea, ujue."

"Nilikosea makusudi, nione kama unasoma au unanakili."

Mwenyekiti alipita katikati yao kwa hatua zake za kupima, uso umekunjamana. Karibu na dirisha alisimama. Pale alikuwapo mjukuu wake, Jogoo wa kutupwa, ambaye kwa ajili yake hasa ukuta ule uliombwa. Alikuwa amejibana kwenye ukingo wa kiti ili kumpa nafasi msichana mwembamba wa mchana.

"Babu, njoo umwone! Huyu ndiye aliyekuwa akiniachia penseli zimechongwa. Huyu ni Popo wangu!"

"Wako?"

"Sasa wa nani?" alijibu yule msichana mwembamba. "Shikamoo, babu."

"Marahaba," alisema mwenyekiti.

Mwalimu mkuu alimfuata taratibu. "Haya, shemeji. Umeikuta shule au umekuta fujo?"

Mzee alitazama chumba kizima, kutoka madirishani hadi mlangoni, akitafuta uwazi, asijue kwamba asubuhi ulikuwapo wa kupitisha mkokoteni.

"Mimi ni mpima ardhi," alisema hatimaye. "Mpaka hupitishwa palipo na nafasi. Hapa sioni pa kusimamisha nguzo."

"Basi rudi na ukuta wako. Kesho wataanza na viti vya jirani, kila mmoja na mwenzake wa dawati." Akainama dirishani. "Mlinzi! Piga ya chakula!"

"Na ile ya kupokezana, mama?"

"Isahau. Hata mkono uuambie."

Alipogeuka kutoka, macho yake yaliangukia ubaoni. Kiranja wa asubuhi alikuwa ameandika kwa mazoea: "Tumewaachia chumba safi." Chini yake, chaki bado mbichi, mkono wa mchana ulikuwa umejibu: "Msituachie. Sogeeni."